Dhahabu, kwale na faida: ile X ya hesabu za mchanganyiko ilitoka wapi?

Mfanyabiashara ana mchele wa aina mbili. Mmoja aliununua kwa shilingi 2,400 kilo, mwingine kwa shilingi 3,300. Anataka kuuchanganya, auze mchanganyiko huo kwa shilingi 3,240 kilo, na apate faida ya asilimia 20. Achanganye kwa uwiano gani?

Kama umepita sekondari, swali hili au ndugu yake ulishakutana nalo. Na huenda ulionyeshwa njia ya mkato. Kwanza unaondoa faida: 3,240 gawanya kwa 1.2, unapata 2,700, ambayo ndiyo gharama ya kilo moja ya mchanganyiko. Halafu unachora X. Juu kushoto unaweka 2,400, chini kushoto 3,300, katikati 2,700. Unatoa kwa mshazari: 2,700 toa 2,400 ni 300, unaiandika chini kulia, 3,300 toa 2,700 ni 600, unaiandika juu kulia. Sasa soma upande wa kulia: 600 kwa 300, yaani 2 kwa 1. Kilo mbili za mchele nafuu kwa kila kilo moja ya mchele ghali.

Jibu ni sahihi. Kilo mbili za nafuu na moja ya ghali zinagharimu 8,100. Ukiziuza zote tatu kwa 3,240 kila moja unapata 9,720. Faida ni 1,620, ambayo ni asilimia 20 kamili ya 8,100. Mambo safi.

Lakini hebu muulize mtu aliyetoka kuchora hiyo X: kwa nini tofauti ya mchele nafuu inaandikwa upande wa mchele ghali, na ya ghali upande wa nafuu? Kwa nini zivukane? Wengi watakujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu X hiyo ina masharti yake, na asiyeyajua siku moja itampa jibu la uongo bila yeye kushtuka. Watu wa kale waliotumia hesabu hizi walikuwa wanayeyusha dhahabu ya watu, wanapiga sarafu za mji, wanagawana faida ya safari ya baharini. Wakikosea, mtu anaibiwa. Kwa hiyo walilazimika kujiuliza swali moja kabla ya kukokotoa chochote: hapa tunapima kwa kitu gani?

Dhahabu ya Bhaskara

Mwaka 1150 huko India, mwanahisabati na mwanafalaki Bhaskara, aliyekuwa na umri wa miaka 36, alimaliza kitabu cha hesabu kiitwacho Lilavati. Simulizi inasema kwamba Lilavati alikuwa binti yake, na kitabu kiliandikwa kumfariji baada ya ndoa yake kuharibika. Simulizi hiyo inatoka kwenye tafsiri ya Kiajemi ya mwaka 1587, zaidi ya miaka 400 baadaye, kwa hiyo ichukue kama hadithi tamu tu. Kitabu chenyewe hakina haja ya hadithi.

Ndani yake kuna sura inayohusu "mishra", neno la Kisanskriti lenye maana ya kilichochanganywa. Ukiifungua unategemea kukuta mambo ya kuchanganya vitu, na kweli dhahabu imo. Lakini kabla ya dhahabu unakutana na riba, na wafanyabiashara watatu waliounganisha mitaji. Mwanzoni unaweza kudhani mwandishi alikosea kupanga mada. Hakukosea hata kidogo.

Tuanze na dhahabu. Wahindi wa wakati ule walipima usafi wa dhahabu kwa ngazi ambazo kilele chake kilikuwa 16, kama sonara wa leo anavyotumia karati hadi 24. Uzito walipima kwa kipimo kidogo kiitwacho masha. Bhaskara anatoa vipande vinne: masha 10 za usafi wa 13, masha 4 za usafi wa 12, masha 2 za usafi wa 11, na masha 4 za usafi wa 10. Vyote vinayeyushwa pamoja. Usafi wa donge lote ni upi?

Mtu mwenye haraka atajumlisha 13, 12, 11 na 10, agawanye kwa 4, apate 11.5. Hapana. Kipande cha kwanza peke yake ni nusu ya dhahabu yote, kwa hiyo sauti yake lazima isikike zaidi. Unazidisha kila uzito kwa usafi wake: 130, 48, 22 na 40. Jumla ni 240. Gawanya kwa uzito wote, masha 20, unapata 12.

Kisha anaongeza jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo lenye akili zaidi katika sehemu hii yote. Anasema: sonara akilisafisha donge hilo kwa moto mpaka libaki masha 16, usafi utakuwa ngapi? Jibu ni 240 gawanya kwa 16, yaani 15. Umeona kilichofanyika? Uzito umepungua, usafi umepanda, lakini ile 240 haijaguswa. Kilichoungua ni uchafu. Hiyo 240 ndiyo dhahabu yenyewe, imehesabiwa kwa lugha ya namba, na moto hauiondoi. Leo mwanakemia atakuambia kwamba kiasi cha kitu hakipotei kwenye mchanganyiko. Hapa jambo hilo limekaa ndani ya hesabu ya sonara.

Sasa tunafika kwenye X. Bhaskara anageuza swali: una dhahabu ya usafi wa 16 na nyingine ya 10, umezichanganya ukapata 12. Ulichukua kiasi gani cha kila moja? Kanuni yake ni kwamba toa 12 kutoka 16, unapata 4, huo ni uzito wa dhahabu hafifu. Toa 10 kutoka 12, unapata 2, huo ni uzito wa dhahabu safi. Zinavukana! Ni X ileile ya mchele, bila mchoro. Naye anakumbusha kwamba 2 na 4 si jibu pekee. Zidisha zote kwa namba yoyote uipendayo, 4 na 8, au 1 na 2, bado ni sawa. Anachokupa ni uwiano.

Sababu ya kuvukana sasa inaonekana. Kila masha moja ya dhahabu safi inaleta ziada ya 4 juu ya kiwango kinachotakiwa. Kila masha moja ya hafifu inaleta upungufu wa 2. Ili ziada ifute upungufu, masha moja ya safi inahitaji masha mbili za hafifu. Ziada ya huyu ndiyo inayoamua wingi wa yule. Ni kama mbao ya pembea ya watoto: aliyekaa mbali na katikati lazima awe mwepesi, aliye karibu awe mzito, la sivyo haisimami sawa. Rudi kwenye mchele: kila kilo ya nafuu inakuachia akiba ya 300, kila kilo ya ghali inakula 600. Mbili zinalisha moja. Ukishaliona hivyo, X haina tena kazi kubwa. Utajikuta unapiga hesabu kichwani.

Kanuni hizi Bhaskara hakuwa wa kwanza kuziandika India. Mahavira, aliyeandika huko kusini katika eneo la Karnataka ya leo karibu mwaka 850, naye ana sura nzima ya michanganyiko iliyojaa dhahabu.

Basi wale wafanyabiashara watatu wanafanya nini kwenye sura ya dhahabu? Mmoja aliweka 51, wa pili 68, wa tatu 85. Wakafanya biashara kwa pamoja, na fedha yao ikakua mpaka 300. Kila mmoja achukue ngapi? Mtaji wote ni 204. Mtu wa kwanza anapata 51 mara 300 gawanya kwa 204, yaani 75. Wa pili 100, wa tatu 125. Faida zao ni 24, 32 na 40.

Ukitafakari utaona kwamba fedha zao ziliyeyushwa kwenye chungu kimoja. Huwezi kusema shilingi hii iliyozaa ilikuwa ya nani, kama vile huwezi kusema chembe hii ya dhahabu ilitoka kipande kipi. Kinachobaki ni uzito wa kila mmoja alipoingia. Kwa Bhaskara, ubia ni mchanganyiko, na mchanganyiko ni ubia.

Mikate ya Ahmose

Mgawanyo wa aina hii ni wa kale kuliko India ya Bhaskara kwa zaidi ya miaka 2,500. Kuna gombo la mafunjo lililoandikwa Misri karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo na karani aitwaye Ahmose. Leo liko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London, na linajulikana kama mafunjo ya Rhind. Swali lake la 63 linagawa mikate 700 kwa watu wanne kwa uwiano wa 2/3, 1/2, 1/3 na 1/4. Jumla ya sehemu hizo ni 1 na 3/4. Mikate 700 ukiigawa kwa 1 na 3/4 unapata 400, kisha kila mtu anachukua sehemu yake ya 400. Mtu wa tatu anaondoka na mikate 133 na theluthi. Ukiwaonea huruma waliokata theluthi ya mkate, si wewe peke yako.

Lakini linalotuhusu zaidi ni maswali yake kuhusu kipimo kiitwacho pesu. Pesu ya mkate ni idadi ya mikate inayotoka kwenye hekat moja ya nafaka (hekat ni pishi yao). Pesu kubwa maana yake mkate mdogo. Sasa, swali la 76: mtu ana mikate 1,000 ya pesu 10, anataka kuibadilisha apate mikate ya pesu 20 na ya pesu 30, idadi sawa ya kila aina. Atapata mingapi?

Mikate 1,000 ya pesu 10 imekula hekat 100. Hapa mjanja wa leo atafanya hivi: wastani wa 20 na 30 ni 25, kwa hiyo hekat 100 zitatoa mikate 2,500, yaani 1,250 kwa kila aina. Inaonekana sawa kabisa. Kagua sasa: mikate 1,250 ya pesu 20 inakula hekat 62.5, na 1,250 ya pesu 30 inakula karibu 41.7. Jumla ni zaidi ya 104. Unga umeutoa wapi?

Jibu la Ahmose ni 1,200 kwa kila aina. Hekat 60 na hekat 40, jumla 100. Wastani wa kweli ni 24, si 25. Sababu ni kwamba pesu inahesabiwa kwa kila hekat, lakini watu waligawana usawa wa mikate, si wa hekat. Kama wangegawana hekat sawasawa, 50 kwa 50, hapo ndipo wastani ungekuwa 25.

Ndilo lile swali tulilosema: unapima kwa kitu gani? Kosa hilo la 25 linafanyika mpaka kesho. Gari linakwenda kwa kilomita 20 kwa saa na kurudi kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo wa wastani ni ngapi? Ni 24, kwa sababu ileile, maana umbali ndio ulio sawa, wala si muda. Ukichora X bila kujua upande wa kulia unahesabu kilo, lita, hekat au mikate, utapata namba nzuri ya kitu usichokijua.

Fibonacci na shomoro wake

Tuvuke jangwa mpaka pwani ya Algeria. Mwishoni mwa karne ya 12, katika bandari ya Bugia, ambayo leo inaitwa Béjaïa, kulikuwa na forodha ya wafanyabiashara wa Pisa, Italia. Mmoja wa maofisa wake alimwita mwanawe Leonardo aje ajifunze hesabu huko. Kijana akazikuta tarakimu za Kihindi mikononi mwa Waarabu, akazipenda, akaendelea kujifunza Misri, Syria na kwingineko. Mwaka 1202 akaandika kitabu kinene, Liber Abaci. Sisi tunamfahamu kwa jina la Fibonacci, na bahati mbaya wengi tunamkumbuka kwa sungura tu.

Sura ya 10 ya kitabu chake ni ya ubia. Sura ya 11 ni ya kuchanganya madini ya sarafu. Tena zimekaa jirani, kama kwa Bhaskara.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, maana neno letu "fedha" linabeba maana zote mbili, madini na pesa, na ndivyo ilivyokuwa kwa sarafu za Fibonacci. Sarafu ilikuwa mchanganyiko wa fedha na shaba, na thamani yake ilitegemea wakia ngapi za fedha zimo kwenye ratili moja ya sarafu. Tuseme mpiga sarafu ana sarafu zenye wakia 9 za fedha kwa ratili, na nyingine zenye wakia 4, na mji umeagiza ziwe na wakia 5. Tofauti ni 4 na 1, zinavukana: ratili 1 ya zile bora kwa ratili 4 za zile hafifu. Akiweka ratili 5 za hafifu badala ya 4, hakuna jicho litakalotambua. Mwananchi atalipwa sarafu ileile yenye sura ileile, ila ndani ina fedha pungufu. Watawala wengi walifanya hivyo kwa makusudi walipoishiwa, na bei za sokoni zikapanda. Kwa hiyo kumfundisha mfanyabiashara kukokotoa mchanganyiko ilikuwa ni kumpa namna ya kujikinga.

Kisha, ndani ya sura hiyo ya sarafu, Fibonacci anaingiza ndege. Mtu amenunua ndege 30 kwa denari 30. Kwale mmoja ni denari 3, njiwa mmoja denari 2, na shomoro wawili kwa denari 1. Amenunua wangapi wa kila aina?

Ukilitazama kwa macho ya aljebra ya shuleni, linakera: vitu vitatu visivyojulikana, milinganyo miwili tu. Fibonacci analitazama kwa macho ya mpiga sarafu. Ndege 30 kwa denari 30 ni wastani wa denari 1 kwa ndege. Basi ndege ni madini! Kwale ni madini ya "usafi" wa 3, njiwa wa 2, shomoro wa nusu, na tunataka sarafu ya usafi wa 1.

Shomoro lazima awemo, kwa kuwa ndiye pekee aliye chini ya 1. Mchanganye kwanza na kwale. Kwale ana ziada ya 2, shomoro ana upungufu wa nusu. Kwa hiyo shomoro 4 kwa kwale 1: ndege 5 kwa denari 5. Halafu mchanganye na njiwa. Njiwa ana ziada ya 1, shomoro upungufu wa nusu. Shomoro 2 kwa njiwa 1: ndege 3 kwa denari 3.

Sasa una vifurushi viwili, cha ndege 5 na cha ndege 3, na kila kimoja kinajitegemea. Kazi iliyobaki ni kufikisha 30 kwa kutumia tano tano na tatu tatu, na aina zote ziwemo. Vifurushi 3 vya ndege watano ni 15, na 5 vya ndege watatu ni 15. Jumla 30. Kwa hiyo kwale 3, njiwa 5, na shomoro 12 jumlisha 10, yaani 22. Bei: 9, 10 na 11. Denari 30.

Mafumbo ya ndege yalikuwa na historia yake. Abu Kamil, mwanaaljebra wa Misri aliyeandika zaidi ya miaka 250 kabla ya Liber Abaci, alitunga kijitabu kizima kuhusu ndege, na akaonyesha kwamba fumbo moja la namna hiyo lina majibu zaidi ya elfu mbili. Ila hii njia ya kuwageuza ndege kuwa sarafu inapendeza kwa namna yake. Mtu aliyekariri X asingeweza kuifikiria. Ilimhitaji mtu anayejua kwamba X inahesabu ziada na upungufu, na ziada na upungufu haujali kama ni fedha au manyoya.

Muda nao ni mtaji?

Turudi kwenye ubia, maana huko ndiko watu wanakogombana. Mwaka 1478, katika mji wa Treviso karibu na Venice, kilichapishwa kitabu kidogo cha hesabu kwa vijana waliotaka kuingia biashara. Mwandishi hakuandika jina lake. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya hesabu kupigwa chapa Ulaya. Humo wamo wabia watatu, Piero, Polo na Zuanne, waliotoa dukati 112, 200 na 142, wakapata faida ya dukati 563. Unajua cha kufanya: mtaji wote ni 454, kwa hiyo Piero anachukua karibu 138.9, Polo karibu 248.0 na Zuanne karibu 176.1.

Kitabu hicho hakiishii hapo, kinakwenda kwa wabia walioingiza fedha nyakati tofauti. Tuchukue mfano wa kwetu. Neema ameanza duka Januari kwa laki 6. Salim akaingia Julai na laki 9. Desemba wakafunga hesabu, faida laki 7. Ukigawa kwa mtaji peke yake, 6 kwa 9, Neema anapata laki 2 na elfu 80 na Salim laki 4 na elfu 20. Neema akisikia hivyo atacheka kwa hasira. Fedha yake ilifanya kazi mwaka mzima! Dawa ya wafanyabiashara wa Italia ilikuwa kuzidisha fedha kwa muda: 6 mara miezi 12 ni 72; 9 mara miezi 6 ni 54. Uwiano ni 4 kwa 3. Neema laki 4, Salim laki 3.

Laki 1 na elfu 20 zimehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hesabu zote mbili zimekokotolewa bila kosa. Kilichobadilika ni kile tunachokiita uzito. Na hapa ubia unatofautiana na dhahabu. Uzito wa dhahabu unaamuliwa na mizani. Sonara hana uhuru wa kubishana nayo. Uzito wa mbia unaamuliwa na makubaliano. Salim naye anaweza kudai kwamba faida karibu yote ilipatikana msimu wa sikukuu, yeye alishaingia, na kwamba miezi ya mwanzo duka lilikuwa likipiga miayo. Hakuna X itakayomjibu. Walipaswa kuandikiana Januari, au Julai.

Lugha yetu yenyewe imebeba kumbukumbu ya biashara hizi. "Rasilimali" ni Kiarabu, kichwa cha mali, na neno la Kilatini lililozaa "kapitali" nalo linatokana na kichwa. Kuna pia mudharaba, mkataba wa kale wa wafanyabiashara wa Kiislamu unaotumika hadi leo kwenye benki za Kiislamu za Kenya na Tanzania: mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa kazi. Faida wanagawana kwa uwiano waliokubaliana mwanzo, mathalani 60 kwa 40. Ikiwa hasara, mwenye fedha anapoteza fedha na mwenye kazi amepoteza jasho lake, ilmradi hakufanya uzembe. Hapo hata mtaji si uzito tena, kwa sababu mmoja hakutoa mtaji kabisa. Uwiano umewekwa na watu, hesabu inafuata nyuma.

X yenyewe ilipata mchoro na jina katika vitabu vya Ulaya. Waliiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kufunga pamoja, kwa sababu walivuta mistari kuunganisha namba mbili mbili, moja ya juu ya wastani na moja ya chini, kama mtu anavyofunga mbuzi wawili kamba moja. Kwa karne kadhaa vitabu vya Kiingereza vikaifundisha hivyo, na kadiri vilivyorudia mistari ndivyo maelezo ya sababu yalivyozidi kufupishwa. Wafamasia bado wanaitumia kazini kuchanganya dawa za nguvu tofauti.

Na kwa wafamasia masharti yake yanaonekana vizuri. Chukua mililita 50 za maji na 50 za spiriti tupu, changanya. Hupati 100, unapata kama 96. Molekuli zinabanana. Uzito umejumlika sawasawa, ujazo haukujumlika. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa vitakasa mikono, uliotumika sana mwaka 2020 wakati wa korona, unasema kwa lita 10 weka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, 417 za haidrojeni peroksaidi, 145 za gliseroli, halafu ongeza maji mpaka ufike alama ya lita 10. Hausemi uongeze mililita 1,105, ambazo ndizo zinazobaki ukitoa kwa kalamu. Ukimwaga hizo 1,105 tu, chombo hakitafika kwenye alama, na dawa yako itakuwa kali kuliko asilimia 80 iliyokusudiwa.

Kabla hujaondoka, kuna fumbo moja la kufanyia mazoezi. Ni la Zhang Qiujian, Mchina wa karne ya 5. Jogoo mmoja ni sarafu 5, tetea mmoja sarafu 3, vifaranga watatu kwa sarafu 1. Nunua ndege 100 kwa sarafu 100, aina zote ziwemo. Fanya kama Fibonacci: funga jogoo na vifaranga, kisha tetea na vifaranga. Vifurushi vyako vitakuwa vya ndege 7 na ndege 4. Majibu yapo matatu, na Zhang aliyaorodhesha yote.